Siku Niliyomlisha Salma Halua ya Hekaluni

Siku yangu ya kwanza kazini nilichelewa dakika ishirini, maana nilipanda basi la kuelekea mjini badala ya lile la Handsworth, mtaa mmoja wa huku ughaibuni tunakoishi. Cheo changu kilikuwa mlezi wa vijana. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mtu ambaye harusi za nduguze huzihudhuria kwa simu, leo atawatembeza watoto wa watu! Lakini kiwanda chetu kilikuwa kimefungwa, na kwa elimu yangu ya sekondari sikuwa na pa kuchagua.

Msimamizi wa kituo cha vijana, Bi Harjit, Singasinga aliyezaliwa Nairobi, alinipokea kwa Kiswahili cha huko. "Karibu, mzee. Usidhani hapa ni mpira tu. Hapa ni makaratasi."

Hakunitania. Kila safari ilikuwa na fomu ya ridhaa, ambayo mzazi hutia saini kukubali mwanawe aende, na tathmini ya hatari, yaani karatasi ya kuandika kila kinachoweza kwenda kombo. Kikundi chetu kilikuwa na Waislamu, Wakristo, Wahindu na Masingasinga, na kila mwezi kilihudhuria ibada ya mmoja wao. Unaingia kwa adabu za wenyeji, lakini hakuna wa kukulazimisha kuabudu.

Wasichana watatu walikuwa wa familia za Kizanzibari, na wazazi wao wote walimsikiliza Bwana Hamadi, baba wa mmoja wao, Salma. Alitia saini baada ya kunihoji saa nzima.

"Atakaa, ataangalia, atarudi," alisema. "Hainami, wala hali kitu kinachotoka kwenye ibada. Nakukabidhi weye."

"Niachie mie," nikajibu, kifua mbele. Nilijua kwamba akimtoa Salma, wale wawili watafuata, na kikundi kitabaki jina.

Tukaenda gurdwara, hekalu la Masingasinga. Watoto walivua viatu, wakafunika vichwa. Waliotaka kuinama mbele ya kitabu kitakatifu waliinama, na Salma akaketi zuliani kando yangu. Nikaanza kujisifu moyoni. Ndipo akapita mzee mwenye bakuli, akigawa kitu cha kahawia, cha moto, kinachonukia samli. Mie Mzanzibari. Nikiona halua inapitishwa kwa wageni, najua nimekaribishwa. Nikakinga mikono miwili.

Salma akasita. "Babu, hii ni sawa?" aliuliza kwa Kiingereza, kama kawaida ya waliozaliwa hapa.

"Pokea, mwanangu. Mtu hakatai halua ya watu!"

Akala. Nami nikala, nikaomba na nyongeza.

Tulipotoka nje, Bi Harjit alinishika mkono. "Haki wewe, mzee! Ile ni prashad, imebarikiwa kwenye ibada. Ungesema hapana, asante, na hakuna mtu angekasirika. Si nilikuandikia kwenye tathmini, ukurasa wa tatu?"

"Niliishia wa pili."

Ndani ya basi nilifikiria kunyamaza. Salma akaniuliza, "Utamwambia baba wewe, au nimwambie mimi?" Ana miaka kumi na minne na ananipa nafasi ya kujisitiri! Nikasema nitakwenda mwenyewe.

Bwana Hamadi alinisikiliza bila kunipa hata chai, na kwa Mzanzibari hiyo ni nusu ya hukumu. Akamgeukia binti yake. "Ulijua?"

"Sikujua. Nilimuuliza babu."

"Basi wewe huna kosa." Akanitazama mie. "Na weye? Uliandikiwa, hukusoma."

"Sikusoma," nikasema. "Na nilikula mara mbili."

Mabega ya Bwana Hamadi yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Mara mbili!" Akamwita mkewe aje asikie. Chai ikaja. Sijawahi kunywa chai tamu kama ile, ingawa walisahau sukari.

Hakuniachia hivi hivi, lakini. "Salma ataendelea. Ila safari ijayo nakuja na mie, kukuchunga weye, si yeye."

Alikuja kweli. Tukiwa bado mlangoni mwa kanisa, akamwomba mchungaji atueleze nini kitasemwa, nini kitaimbwa na nini kitagawiwa. Halafu kila mtoto akamwambia mchungaji atakachofanya na asichofanya. Hakuna aliyenuna. Dakika tano tu, na tangu siku ile nikazifanya utaratibu wangu. Nikahamishiwa kituo cha Castle Vale, nikaenda nazo. Nikapelekwa Sutton Coldfield, ambako msimamizi wa eneo alitaka kuzifuta kwa sababu tutachelewa treni.

"Treni ipo nyingine," nikamwambia. Alinuna wiki mbili.

Sasa nimestaafu. Nilipoanza nilidhani kumheshimu mwenye dini yake ni kula kila anachonipa, na hilo tumbo langu lilikuwa tayari kulisimamia. Kumbe wenyeji wetu wote walipenda zaidi kuulizwa. Ukiuliza, wanakueleza kwa furaha mpaka unatamani kuketi.

Wiki iliyopita Bwana Hamadi alinipigia simu. Mdogo wake Salma anajiunga na kikundi, na fomu keshaitia saini.

"Ila nina tatizo," akasema. "Weye umeondoka. Sasa nikitaka kugomba, nimgombeze nani?"

Nikamwambia apige simu wakati wowote.