Butoni za Upande wa Mke Wangu

Mashini ya michezo ya video iliyo nyumbani kwangu Nyamitaba niliiunda mwenyewe: sanduku la mbao linalonifika kifuani, televisheni ndani, na mbele ubao wa kuchezea wenye pande mbili. Wa kushoto wangu, wa kulia wa mke wangu. Kila upande una fimbo ya kuongozea na butoni sita. Watoto walikuwa wanangoja zamu, na mara nyingi hawakuipata, maana mama yao akianza kushinda hatoki. Anashinda, anacheka, ananisukuma kwa kiwiko.

Vita vilipokaribia, alishuka Goma pamoja na watoto. Mimi nikabaki na ng'ombe. Kwenye simu nilimwuliza atarudi lini, akanijibu, "Upande yangu ilikufa zamani. Nirudi nikuangalie unacheza peke yako? Tengeneza kwanza!" Alikuwa ananitania, najua. Lakini mtu akikaa peke yake muda mrefu hasikii utani tena. Mimi nilisikia ahadi.

Basi Jumapili, baada ya ibada, nikafungua mlango wa nyuma wa lile sanduku. Loo! Nyaya zote nyeupe, zimesokotana, huwezi kujua upi unatoka wapi. Nikamtukana fundi aliyeziweka, naye ni mimi.

Upande wa kulia, butoni ya kwanza na ya pili zilikuwa zinaitika. Kuanzia ya tatu, kimya. Kwanza nilishuku kibao cha elektroniki kinachopokea nyaya zote. Nikang'oa nyaya za kulia, nikazichomeka mahali pa zile za kushoto. Butoni zilezile zikabaki kimya. Kumbe kibao ni kizima, ubaya uko kwenye butoni ao kwenye waya.

Sasa, kuna waya mmoja unaopita kwenye butoni zote, kutoka hii kwenda ile, sisi tunauita masi. Ukikatika katikati, zote zilizo mbele yake zinakufa. Nikachukua kipande cha waya, nikaunganisha masi ya butoni ya pili na ile ya tatu, nikabonyeza. Yule mtu wa mchezo kwenye televisheni akaruka! Nikamwita mtoto wangu mkubwa kwa sauti, aje aone. Nimemwita kabisa, kwa jina. Ndipo nikakumbuka yuko Goma, na iliniuma.

Nikavuta ule waya ili nione umekatikia wapi. Kishikizo chake kilikuwa kimeota kijani, kimeliwa na chumvi. Chumvi! Nikatazama juu, nikaona tundu la skrubu lililobaki wazi, na juu ya ubao alama za duara. Fromaji! Sisi huku fromaji, yaani jibini, ikitoka kwenye maji ya chumvi tunaianika juu ya ubao laini, tunaigeuza mpaka ikauke. Na nyumbani kwangu hakuna ubao laini kupita ule wa juu ya mashini. Mke wangu alikuwa anazipanga pale, maji yanachuruzika ndani, juu ya butoni zake mwenyewe.

"Ee mwanamke!" nikapaza sauti. "Nani mwingine duniani anaanika fromaji juu ya televisheni?" Nikamgombeza vizuri, nimesimama na kisu mkononi, kama yuko jikoni ananisikia. Nilitamani anijibu vibaya. Kwa miaka yote ya ndoa sikuwahi kufikiri kwamba hata ugomvi wake ningeutamani.

Nikakata pale palipooza, nikakwangua chuma, nikafunga waya mpya. Butoni zote sita zikaitika. Nikapanda kilima mbio mpaka mahali panaposhika rezo ya simu, nikampigia.

"Mama watoto, upande wako umepona! Zote zinacheza!"

Alipiga kelele za furaha. Nikamsikia anawaambia watoto, nao wakapiga zao. Nilicheka peke yangu pale kilimani, nikingoja aseme siku ya kurudi.

"Papa," akasema, "kuko camion inashukaka na maharage. Upakize mashini humo, uitume. Batoto banachoka kukaa tu mu nyumba."

"Na mimi?"

Nikamsikia kwanza anawatuliza watoto.

"Weye? Ngombe utaachia nani?"

Alisema kwa upole, bila utani wowote. Nikamwambia ni kweli, nikamwuliza hilo lori la maharage linapita siku gani.