Bolti za Kung'aa

Shangazi yangu alitunza stoo ya karakana miaka ishirini na mitatu, na fundi aliyemletea dharau alikiona cha moto. Walimwita Mama Nati.

Bolti zake zilikuwa za namna mbili. Za kung'aa zilipakwa zinki nyembamba kwa umeme, na nati yake huzungushwa kwa kidole tu. Za kijivu zilichovywa kwenye zinki iliyoyeyuka. Tabaka lake nene hujaza nyuzi za bolti, ile mifereji nati inamopita, kwa hiyo hutaka nati zenye tundu pana kidogo. Za kung'aa ni za ndani ya nyumba. Za kijivu ni za nje, kwenye mvua na hewa ya chumvi. Hayo aliyajua hata usingizini.

Baba yangu, mdogo wake wa mwisho, alifunga minara ya matangi ya maji. Siku moja nati pana zikaisha, na za kawaida zikagoma kuingia. Nilikuwa hapohapo kaunta, nikiandika orodha ya vifaa.

"Dada, nipe tu zile za kung'aa. Hizi zinanichelewesha."

"Zitaliwa na kutu hizo. Subiri, nati zinakuja Jumatatu."

"Jumatatu mbali bwana. Kwani mimi si mdogo wako?"

Shangazi alinuna, kisha akampa. Tangu mama yao afariki hakuwahi kumnyima kitu, na huo ndio ulikuwa ugonjwa wake.

Miaka minne baadaye baba alipanda mnara uleule kuziba tangi lililovuja. Ngazi ikachomoka naye. Akavunjika uti wa mgongo. Wakaguzi walimwaga mezani bolti zilizoliwa zikabaki nyembamba kama njiti, wakauliza nani alizichagua.

"Mimi," shangazi akasema. Akafukuzwa kazi siku ileile.

Nilimsubiri baba aseme ukweli. Mwaka wa pili huu bado namsubiri. Shangazi alihamia kwetu. Ndiye anayemgeuza kitandani, anayemwosha, anayemlisha.

Jana walikuja wageni kumjulia hali. Baba akawaeleza taratibu, bila chuki hata kidogo.

"Dada yangu huyu ndiye aliyechagua zile bolti. Lakini nimeshamsamehe."

Nikafungua mdomo. Shangazi alinitazama, akatikisa kichwa, kisha akamwinua baba shingo na kumgeuzia mto.