Udongo Uliopasuka Bwawani

Fardowsa wa duka la vitambaa mjini Eldoret ni mtu wa kuambiwa jambo moja akabishana nalo wiki nzima. Daktari alipomwambia sukari yake imepanda na kwamba atembee, alimjibu kuwa anatembea kutwa, kutoka kaunta hadi stoo. Ni mimi niliyemtoa dukani. Nina shamba upande wa Soy, na huko mabwawa ya kunyweshea ng'ombe yako mengi, mengine ya tangu enzi za wakoloni, kila moja na kijia chake. Jumamosi asubuhi yeye huja, tukazunguka.

Anatembea haraka, anaongea haraka zaidi, na hunicheka kwa vile naogopa maji. Mimi sijui kuogelea na sitaki kujua. Yeye alikulia Wajir, mtoto wa wafugaji, na husema baba yake aliweza kuitazama ardhi tu akakuambia kama itamhimili ngamia. Hilo nimelisikia hadi nimelichoka.

Februari hiyo jua lilikuwa limekausha kila kitu. Tulienda bwawa ambalo hatukuwa tumewahi kulizunguka, chini ya shamba la jirani yangu. Maji yalikuwa yamerudi katikati, yamebaki kidimbwi cha kijani, na pembeni udongo ulikuwa mweupe, umepasukapasuka kama ukoko wa ugali. Kijia kilipanda juu ya tuta kikazunguka mbali. Fardowsa akaona tukikata hapo chini tutafika ng'ambo mara moja.

"Hapana," nikamwambia. "Huko ng'ombe hukwama."

"Mama Betty, kwetu ikipasuka hivi hata lori inapita," akasema, na tayari alikuwa amekanyaga.

Udongo ulimhimili. Akageuka kunicheka, akaongeza hatua chache, kisha mguu ukazama hadi gotini. Akajaribu kuuchomoa, mwingine ukazama zaidi. Chini ya ukoko ule kulikuwa na uji mweusi. Kabla sijajua la kufanya, tope lilikuwa kiunoni mwake na kicheko kimekwisha.

"Usikuje," akaniambia, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Hapa hakuna pa kukanyaga."

Niliogopa, sifichi. Nilikaa kwenye nyasi nikapiga mayowe. Aliyeyasikia ni Elphas, anayemchungia jirani yangu ng'ombe. Alikuja mbio na fimbo tu mkononi, ng'ombe wakibaki juu ya tuta.

"Niende boma nilete kamba?"

"Boma ni mbali. Akingoja hiyo kamba atakuwa ameisha."

Nilifungua leso yangu kiunoni tukairusha. Haikumfikia. Kitambaa kingine kirefu kilikuwa kimoja tu, jilbabu aliyovaa Fardowsa, iliyomfunika kuanzia kichwani.

"Vua tuunganishe," nikamwambia.

"Kuna mwanaume."

"Mama Bilal, unazama."

"Najua. Na kuna mwanaume."

Hasira zilinipanda kichwani, nikataka kumtukana mbele ya Mungu na ng'ombe. Lakini Elphas hakungoja tumalize. Alijifunga ncha ya leso kiunoni akatugeuzia mgongo.

"Mimi naangalia ng'ombe, Mama. Siangalii huko. Niambie tu nivute saa ngapi."

Fardowsa akaivua, akashika ncha moja akarusha nyingine. Ilianguka njiani. Ilibidi niende kuifunga kwenye ncha ya pili ya leso, mimi ninayeogopa hata beseni. Nilitambaa kwa tumbo juu ya ukoko, nikausikia ukibonyea chini ya kifua changu na maji baridi yakipenya kwenye gauni. Fundo la kwanza likanishinda. Nikalirudia.

"Vuta!"

Elphas aliinama akavuta kama maksai kwenye jembe. Tope lilimng'ang'ania Fardowsa. Akatoka hadi mapajani, kisha akaanguka kifudifudi na uso ukaingia topeni. Sauti yake ikakatika. Nilipiga kelele vuta, vuta, na yule mwanaume akavuta bila kujua anavuta mtu au maiti. Nikamshika nywele, nikainua kichwa chake. Akakohoa. Tukaburutwa wote wawili hadi kwenye nyasi.

Nilimfunika kichwa kwa sweta yangu. Alinikumbatia shingoni, meno yakigongana. Nilikuwa nimemwekea maneno makali, lakini niliyaacha. Nililia tu, na yeye akalia kimyakimya begani mwangu.

Elphas alikuwa bado ameinama, leso imemkaza kiunoni, anawatazama ng'ombe.

"Mama, ametoka?"

Alichosikia ni kilio changu tu.

"Mama?" Akangoja. "Amekufa?"

Mabega yake yakaanza kutikisika. Akajipangusa machozi kwa mkono, na hata akidhani tumempoteza hakugeuka.