Protekta ya Baba Enesi

Mume wangu Anyosisye anabandika protekta za simu Tunduma, kando ya barabara wanakopanga foleni malori ya kwenda Zambia. Nisimsikie mtu akisema hiyo si kazi. Kubandika kioo cha ukubwa wa ukucha juu ya kamera tatu zilizobanana, upepo unapeperusha vumbi, lori likipita meza inatikisika, na chini ya kioo isiingie hata chembe moja: jaribu wewe kwanza, ndipo tuongee.

Yeye ni Mndali wa Ileje, milimani kabisa. Alishuka Tunduma akiwa na miaka kumi na tisa, akabeba mizigo mpakani mpaka mgongo ukagoma, ndipo Mzambia mmoja wa Nakonde, Gibson, akamfundisha hii kazi. Kwanza anafuta lenzi kwa spiriti. Anakausha kwa kitambaa laini. Vumbi linalobaki analinyanyua kwa kipande cha selotepu. Halafu anashika pumzi, anashusha kioo taratibu, na hapumui mpaka kikae. Siku za kwanza za ndoa nilikuwa namcheka, namwambia wewe baba utakufa siku moja kwa ajili ya simu ya mtu.

Jina alilipata kwa kitu kingine. Mtu anakuja analalamika kamera imekufa, picha zina ukungu, taa za magari zinatoa mikia. Anyosisye hagusi bisibisi. Anabandua protekta, anafuta lenzi, anapiga picha ya lori lililo mbele yake, anamwonyesha. Picha safi. "Kamera yako nzima," anamwambia, "shida ni kioo ulichobandikwa." Halafu atakueleza, uulize usiulize. Protekta ya bei rahisi inakwaruzika upesi na picha inakosa ukali. Ile ya kipande kimoja, inayofunika lenzi na flashi kwa pamoja, ndiyo mbaya kuliko zote, maana mwanga wa flashi unatambaa ndani ya kioo unaingia kwenye lenzi, na picha inatoka na doa jeupe. Kwa kitu kimoja tu hakuitupia protekta lawama, nacho ni macho mekundu. Wateja walikuwa wanakuja wamenuna, bibi harusi ametoka na macho kama ya pepo, naye anawaambia hilo ni la flashi yenyewe, halina dawa. Watu wakamwita Daktari. Hakulikataa jina.

Mimi ni Restuta, nimezaliwa Nanyala kwenye kahawa, na sina maneno ya sukari. Tulikaa miaka sita bila mtoto. Mashemeji walishaanza kuniangalia kwa jicho la pembeni, nami nilishaanza kuwajibu, ndipo Mungu akatupa Enesi. Alipofika mwaka na miezi miwili tukampeleka kwetu Nanyala kubatizwa. Mvua ilinyesha siku hiyo, tukapigia picha ndani, mapazia yameshushwa, kwa simu ya baba yake yenye protekta mpya inayometa. Picha zikaenda kwenye grupu la ukoo.

Jioni ile ile mama mkwe wangu, Mama Roda, akapiga simu kutoka Ileje. Yule mama mtandao haupati mpaka apande kilimani kwa jirani, kwa hiyo akipiga ujue kuna jambo.

"Anyosisye, jicho la mjukuu wangu la kushoto lina nini? Linang'aa jeupe, kama la paka."

Anyosisye akacheka. "Mama, hiyo ni protekta. Mwanga wa flashi umerudi kwenye lenzi."

"Na la kulia halikupigwa na flashi?"

"Mwanga unaangukia upande mmoja, mama. Hii ndiyo kazi yangu."

"Haya," akasema Mama Roda. "Mimi sijui simu. Namjua mtoto tu."

Nilicheka na mimi. Nalisema hapa kwa sababu mtu akinisikia namlaumu mume wangu, ajue nilikuwa nimekaa pembeni yake nacheka.

Akabadilisha protekta. Picha nyingine, ndani ya nyumba yetu pale Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, doa lilelile. Akasema hii nayo mbovu, mzigo wa safari hii wote mbovu. Akaweka ya aina nyingine, ya vipande vitatu, kila lenzi na chake. Mara doa lipo, mara halipo, inategemea mtoto ameangalia wapi. Likikosekana anasema unaona. Likirudi anasema hii imeingia vumbi. Fundi wa Tunduma nzima, mtu anayewatatulia Wazambia na Watanzania, atashindwaje kujua ya kwake? Kwa hiyo nikanyamaza. Miezi ikaenda, mmoja, miwili, mitatu.

Lakini mama ni mama. Nikaanza kuona vitu. Enesi alikuwa anagonga fremu ya mlango, na kila mara bega la kushoto. Nikimpa kikombe kwa upande huo hakipokei mpaka ageuze kichwa chote. Siku moja nikamfunika jicho la kulia kwa kiganja, kwa mchezo tu, akalia kama nimemchoma. Nikalifunika la kushoto. Hakujali, akaendelea kucheza na mkufu wangu. Nililifunika tena hilo la kushoto mara tatu siku ile, kila mara namwomba Mungu mtoto alie, na hakulia.

Nikamwambia baba yake. Akasema watoto wote wanagonga milango. Nikamwambia twende hospitali. Akasema twende tukamwambie daktari nini, kwamba protekta yangu ina doa? Nikamjibu maneno ambayo sitayarudia hapa, akatoka akaenda kazini bila kunywa chai. Niliona ni wivu wa fundi kwa kazi yake. Niliona ni kiburi. Kumbe sikuwa nimeona kitu.

Sasa kuna Pendo, anauza mchele wa Kamsamba banda la pili kutoka nyumbani kwetu. Ni mtu wa kucheka, anampenda Enesi kuliko mchele wake. Mwezi wa nane, mchana mmoja wa baridi na mawingu mazito, bandani giza, alimkalisha mtoto ndani ya ungo mtupu akampiga picha. Mimi nilikuwa napepeta nje.

"Mama Enesi, hebu njoo uone," akaniita. Sauti yake haikuwa ya kucheka.

Nikaangalia. Enesi anacheka, meno manne nje, jicho la kulia lina wekundu katikati kama kaa dogo la moto. La kushoto jeupe. Jeupe kabisa, kama punje ya wali.

Nikasema, "Pendo, simu yako ina protekta ya kamera?"

"Protekta niitoe wapi, dada yangu? Hii lenzi yenyewe kavu, ina na mkwaruzo."

Niliipokea simu, nikaigeuza, nikapitisha kidole. Kidole kilipita mpaka kwenye lenzi. Hakuna kitu. Nikakaa chini kwenye magunia, na Pendo akamwinua mtoto kutoka kwenye ungo akamshika yeye. Niliogopa siku ile kuliko nilivyoogopa uchungu wa kuzaa. Uchungu una mwisho unaoujua.

Sikumbuki nilivyofika mjini. Nilikuwa na mtoto mgongoni na simu ya Pendo mkononi. Anyosisye alikuwa na mteja, mama mmoja wa Nakonde, ameshika kioo kwa ncha za vidole, pumzi imefungwa. Sikumsubiri apumue. Nikaiweka simu mezani mbele yake, picha iko juu.

Aliangalia. Halafu akafanya kile nilichofanya mimi, akaigeuza simu, akapitisha kidole gumba kwenye lenzi. Kilikaa pale muda mrefu.

"Mukwai," akamwambia yule mama kwa heshima ya Kibemba, "naomba uje kesho."

Nikamwambia, "Pendo hana protekta. Hana, Baba Enesi. Sasa niambie ni nini."

Hakuniangalia. Akawa anapanga visanduku vyake mezani, vyeusi huku, vyeupe kule, vilikuwa vimeshapangika.

"Nilitoa," akasema.

"Ulitoa nini?"

"Protekta ya simu yangu. Wiki tatu zilizopita, umeenda kisimani. Nilibandua, nikasafisha lenzi, nikafunga dirisha, nikampiga picha."

"Ukaona?"

"Niliona."

"Ukafanya nini?"

"Nikaibandika tena."

Watu walijaa pale, bodaboda, wauza vocha, kila mtu shingo imerefuka. Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mkono uliinuka. Wiki tatu amelala kitanda kimoja na mimi anajua. Ameibandika tena ili kesho akiona doa awe na cha kulilaumu. Kisha nikamwona mikono, ile mikono isiyotetemeka hata lori lipite, imeshindwa kufunika kisanduku. Hakuwa na kiburi hata kidogo. Alikuwa anaogopa kama mimi, ila yeye alikuwa ameogopa peke yake, na hofu ya mtu mmoja inamfanya mjinga. Mkono nikaushusha. Nikamwambia funga meza.

Tulipanda gari la Mbeya siku hiyo hiyo. Vwawa, Mlowo, Nanyala, vituo vyote nimevijua tangu utotoni, na sikuona hata kimoja. Enesi alilala mapajani kwa baba yake. Kila gari likimulika anageuza uso wa mtoto ndani ya koti lake.

Hospitalini walimwangalia watu wawili, kisha akaja daktari wa macho, mama mfupi, mpole. Alizima taa akammulika. Alikaa muda mrefu jicho la kushoto, kisha akahamia la kulia akakaa zaidi, na mimi sikuwa nimefikiria kwamba yanaweza kuwa mawili.

"La kulia kwa leo ni zima," akasema alipowasha taa. La kushoto lina uvimbe ndani. Saratani, inawapata watoto wadogo, na mara nyingi wazazi wanaiona kwanza kwenye picha. Akatuuliza tumeiona lini.

Nikasubiri Anyosisye aseme. Akasema, "Mwezi wa tatu."

Daktari aliandika. Hakutufokea, na ingekuwa nafuu angetufokea. "Mngekuja mwezi wa tatu," akasema, "tungeongelea kuliokoa jicho. Sasa tunaongelea kumwokoa mtoto."

Basi tukaongelea hilo. Mbeya wakatutuma Dar, Dar wakalitoa jicho, na dawa zikafuata, nywele zikaisha, zikarudi. Sitasimulia yote, mwenye mtoto atanisamehe. Jambo moja nililiuliza kabla hatujarudi: lile jekundu kwenye jicho la kulia, je, nalo ni ugonjwa? Daktari akasema hapana, mama, huo ndio uzima wenyewe. Ndani ya jicho zima kuna wekundu wa damu, mwanga ukiingia vizuri unaurudisha. Weupe ndio wa kuogopwa. Anyosisye alikuwa amesimama mlangoni. Miaka yote ile ameambiwa jekundu ni kasoro.

Enesi sasa ana miaka minne. Ana jicho la bandia zuri, usipoambiwa hujui. Kila baada ya miezi michache tunampeleka kliniki, kwa sababu ugonjwa ule unaweza kuhamia jicho la pili, na la pili ndilo alilobaki nalo. Walituonya picha haichukui nafasi ya kipimo. Tunajua. Lakini kati ya kliniki na kliniki kuna siku nyingi, na siku hizo mtu anazipitaje?

Anyosisye bado anabandika protekta za watu. Mama akija na mtoto mgongoni, anamwambia lete simu, anabandua kwanza, anampiga mtoto picha bure, anaikuza anaangalia macho. Wengine wanamwona kichaa. Akiitwa Daktari siku hizi hageuki. Simu yake mwenyewe haina protekta, lenzi imeshakwaruzika, na hataki kusikia.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, tukitoka kanisani, tunashusha pazia la chumbani. Enesi anakaa kitini, anajua kazi yake, anatoa macho. Baba yake anafuta lenzi kwa spiriti, anaikausha, anapiga. Halafu haangalii. Anaigeuza simu kifudifudi ananipa mimi, na anashika pumzi, vilevile kama anashusha kioo.

Jumapili iliyopita nilichelewa kuigeuza. Sijui kwa nini, vidole viligoma tu. Enesi akasema, "Mama, baba hapumui."

Nikageuza. La kushoto halikutoa kitu, ni la bandia. Nikalikuza la kulia, nikalikuza tena mpaka picha ikaanza kupasuka.

"Jekundu," nikasema.

Akapumua. Nikafungua pazia, tukaanza kuzihesabu siku mpaka Jumapili nyingine.