Siku Niliyovaa Leso ya Bibi

Wasichana wa kikundi chetu cha maigizo walikataa kuigiza bibi mchawi. Walisema mambo hayo hayachezewi. Nikajitolea mimi. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini kichwani mwangu nilikuwa mwigizaji mkubwa tayari.

Mchezo ulikuwa wa kuwatetea wazee. Huku kwetu Mkongani, mzee akiwa na macho mekundu na mtoto wa jirani akafa kwa homa, maneno huanza. Katika mchezo wetu bibi anasingiziwa, vijana wanamvamia, anakufa, kisha daktari anaeleza kwamba mtoto alikuwa na malaria. Sisi tuliona hiyo yatosha.

Nilivaa leso ya bibi yangu mzaa mama, ile ya manjano yenye kiraka chekundu. Nikachukua mkongojo wake. Nikaiga hata kikohozi chake, maana nimelala nacho chumba kimoja tangu utotoni. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifunga leso, akicheka. "Mjukuu wangu, umenishinda uzuri!"

Uwanja wa shule ulijaa. "Bibi, nyoa ndevu!" mmoja alipiga kelele, na watu wakavunjika mbavu. Nikazidi kukohoa, nimefurahi kupita kiasi. Mama mmoja aliyekaa mbele akamgusa mwenzake.

"Si leso ya yule bibi ile? Kumbe hata mjukuu wake anajua."

Nilimsikia vizuri. Nikaendelea kukohoa.

Wiki ile, kila bibi alipofika kisimani, wanawake walibeba ndoo zao wakaondoka. Kisha jiwe kubwa likarushwa juu ya bati letu, likabaki huko huko.

"Umewaambia nini watu, baba?" bibi aliniuliza, bila hasira. Nikamweleza mchezo wote. Akafikiri. "Na daktari alipokuwa akisema, watu walikuwa bado wapo?"

Walikuwa wameshaanza kuondoka.

Tulipocheza tena uwanjani pale, bibi alikuja, amejifunga leso yake. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, nimevaa gunia. Vijana walipoingia na mapanga ya mbao, bibi akainuka kutoka kwa watazamaji, akaja polepole, akanisukuma kwa mkongojo, akakaa yeye.

"Haya, wanangu. Endeleeni."

Kijana wa kwanza akasimama. Uji wa bibi yule alikuwa ameunywa miaka mingi. Akaweka panga chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Kisha akawageukia wanawake. "Na nyinyi, maji mlipata siku ile?"

Yule mama wa mbele alijifunika uso kwa leso, mabega yakimtetemeka.

Nilidhani tumeshinda. Nilirukaruka njia nzima kama mwendawazimu. Lakini Jumamosi mjomba alikuja kumchukua bibi, akampeleka kwake Waa.

"Wamelia wengi, nimesikia," aliniambia. "Jiwe hurushwa na mmoja."

Kila nikienda Waa, bibi huniuliza nani anampalilia mihogo. Namjibu ni mimi. Kwa kweli ni yule mama wa mbele. Huja asubuhi na jembe lake, hasemi kitu, akimaliza huenda zake. Nikimwambia bibi, atataka kurudi siku hiyo hiyo. Na aliyerusha jiwe bado hatumjui. Hunisalimia njiani pengine, nami huitikia.