Kanuni ya Nne: Hakuna Salamu

Mimi ni mtu wa haraka. Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, na kengele ya shule ilinizoesha kuona kila dakika inayopotea kama mtu amenichomolea kitu mkobani. Kwa hiyo kijiji chetu, huku juu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kilipounda kamati ya maafa na kunichagua kuwa katibu, sikujivunga. Nilijua nimepata kazi inayonifaa.

Tulijiandaa vizuri, lazima niseme. Tulitundika rimu la lori kwenye mti karibu na ofisi ya kijiji; likigongwa mfululizo, kila mtu anaacha alichoshika. Tuliandika nani ana ngazi, nani ana kamba, nani ana mgongo wa kubeba mgonjwa. Kila mzee aliambiwa aweke mfuko karibu na mlango, wenye dawa zake na kadi ya kliniki. Kisha tukafanya zoezi: tuchukulie nyumba ya mzee mmoja inaungua, twende tumwokoe. Mimi nilishika saa.

Zoezi lilikuwa kichekesho. Vijana walifika mbio, wakasimama mlangoni, wakatoa shikamoo mmoja baada ya mwingine. Mzee akawaitikia wote, akauliza habari za baba zao, habari za kahawa, habari za shangazi aliyelazwa. Mwisho akawakaribisha ndani wakae. Ndani ya nyumba ambayo, kwa mujibu wa zoezi letu, ilikuwa imeshageuka majivu! Watu walicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Nilirudi ofisini, nikachukua kalamu nene, nikaongeza kanuni ya nne kwenye karatasi ya manila ya kanuni zetu, iliyobandikwa ukutani: WAKATI WA DHARURA HAKUNA SALAMU. Mwenyekiti alikuna kichwa, akasema, "Mwalimu, kwa hapa kwetu hiyo itakuwa ngumu." Nikamwambia moto hausubiri marahaba. Nilijiona nimesema neno la maana sana.

Masika yaliyofuata mvua haikupumzika. Siku ya tatu asubuhi, watu wakinywa chai, rimu likalia. Matawi yaliyoanguka yalikuwa yameziba mfongo, ule mfereji wetu unaopitisha maji juu ya vihamba, mashamba yetu ya migomba na kahawa, na maji yakaacha njia yake yakaanza kushuka kwenye ukingo mrefu wa udongo ulio nyuma ya nyumba ya mama mkwe wangu. Mama aliishi peke yake, alikuwa amepita miaka themanini, na siku zote alikataa kuhamia kwetu. Mume wangu alikuwa Himo kwenye shughuli zake. Nilikimbia na kandambili, moja ikabaki kwenye tope, nikaiacha.

Nilipofika, vijana wanne walikuwa wanagonga mlango kwa ngumi. "Toka! Toka nje!" Walikuwa wanatii kanuni yangu neno kwa neno. Ndani, kimya. Mama alikuwa ameshusha komeo, na madirisha yote yana nondo. Kijana mmoja alishika shoka lakini aliogopa kuupasua mlango, kwa sababu huenda bibi alikuwa amesimama nyuma yake. Huko nyuma udongo ulikuwa unadondoka mabonge mabonge, na mgomba mmoja ulikuwa umeshalala juu ya paa la jiko. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Nikapiga kelele, "Mama, fungua! Maji!"

Sauti yake ikatoka, tulivu. "Ni nani anayenifokea mlangoni kwangu?"

"Ni mimi, mke wa mwanao!"

"Mke wa mwanangu ana adabu."

Vijana wakanitazama. Nilitamani ardhi inimeze, ingawa siku ile haikuwa siku ya kuomba hivyo. Nikavuta pumzi. Nikapiga goti pale kwenye tope, kana kwamba ananiona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama mama."

"Watoto?"

"Hawajambo."

"Na yule ng'ombe wako aliyekuwa hali?"

Bonge jingine likaanguka, kubwa, tukasikia ukuta wa nyuma ukilia. Nikajibu kwamba ng'ombe sasa anakula, na maziwa yamerudi.

"Mungu ashukuriwe. Ehe, na huko nje kuna nini?"

"Udongo wa nyuma unaanguka mama. Tumekuja kukuchukua twende kwangu."

Komeo likanyanyuka. Mama alikuwa amesimama pale pale, amevaa gauni lake la kanisani, kilemba kimefungwa vizuri, mkononi ana mfuko wa dawa na kadi ya kliniki. Alikuwa tayari tangu rimu lilipogongwa. Katika kijiji kizima hakuna aliyeyashika maandalizi yetu kumzidi yeye.

Kijana mwenye mgongo mpana akamwamkia, akambeba. Hatujavuka hata ua wa mimea ya masale ulio mbele ya nyumba, tukasikia kishindo. Chumba chake cha kulala kilikuwa kimejaa udongo hadi dirishani.

Nyumbani kwangu nilimpa chai, na hofu ilipogeuka hasira nikashindwa kujizuia. "Mama, ungekufa kwa ajili ya shikamoo?"

Akaipuliza chai yake. "Nyumba ile niliingia nikiwa bi harusi, watu wakaniimbia. Nilijua nikitoka leo sirudi. Ulitaka nitoke kwa kufukuzwa kama kuku?"

Nililia, naye akaninyooshea pindo la khanga yake nijifute.

Kanuni ya nne niliifuta mwenyewe mbele ya kamati nzima. Mwenyekiti alikuwa muungwana, aliguna tu. Siku hizi mzee akitolewa kwake, hutangulia mtu mmoja anayemfahamu, akatoa shikamoo, wengine wakisubiri kubeba. Mpaka sasa hatujachelewa popote.

Mama anaishi nasi. Kila asubuhi ananisubiri kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, na salamu zetu haziishi leo: usingizi, magoti yake, watoto, ng'ombe mmoja mmoja. Jana, tukiwa kwa ng'ombe wa pili, nilisikia harufu ya uji unaoshika chini ya sufuria. Bado alikuwa hajauliza habari za ndama. Nikauacha uungue.