Kofia ya Msimamizi wa Reli

Kila asubuhi msimamizi wa reli ya mizigo hufika jangwani kutoka mji wa Al Amerat, huchutama kando ya reli na kuvua kofia yake ya viua. Huifunikia kipimajoto kilichobandikwa kwenye reli, kichwa chake chenye mvi akakiachia jua. "Chuma husema kweli kivulini," humwambia Nahashon, mchomeleaji kutoka Kenya, kila siku, kana kwamba jana hakusema. Juzi Nahashon alisahau, akapima juani, kipimo kikapanda kupita joto halisi la chuma, akaunga reli akidhani imeshatanuka vya kutosha. Alikwenda kukiri mwenyewe. Mzee hakugomba, alikikata kiungo, wakapima upya, wakaunga upya.

Leo adhuhuri, saa ambayo joto hupinda reli kama nyoka, treni ya kwanza kupita juu ya kiungo kipya ilikuja imesheheni mawe. Mzee alisimama kichwa wazi, kofia kaikunja ngumini, mpaka behewa la mwisho likapita salama. Nahashon akashusha pumzi.

"Nisamehe, mzee. Nilikutia wasiwasi."

Mzee akaikunjua kofia iliyolowa jasho, akaivaa, akatabasamu. "Anayeiendesha treni ile ni mwanangu. Juzi sikukwambia, mkono ungekutetemeka ukiunga upya."